Subira Mlangoni pa Afisi: Mafunzo kwa Mwenye Haki ya Msaada wa Serikali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe wake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Dhiki za mwanadamu ni nyingi, na wanavyuoni wamekwisha kuzieleza kwa mapana: dhiki ya maradhi, dhiki ya deni, dhiki ya msiba. Lakini iko dhiki moja isiyosikiwa sana katika darasa za misikitini, nayo ni dhiki ya mtu mwenye haki ya msaada katika mali ya serikali, akaenda afisini akarudi, akaenda tena akarudi, hata moyo wake ukachoka kabla ya miguu. Mtu huyu hana jeraha la kuonyesha, na kwa hiyo jamaa zake hudhani kuwa hana maumivu. Naye hulala macho wazi, hupoteza hamu ya chakula, huwakemea watu wa nyumbani mwake, na mwisho huiacha haki yake. Mafunzo haya ni kwa ajili yake na kwa ajili ya wanawe.

FASILI YA KWANZA: HAKI YENYEWE NA TAABU YAKE

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na imeilazimu serikali kuwasaidia wale wasioweza kujikimu wao wenyewe na watu wanaowategemea. Kwa ajili hiyo uko mpango uitwao Inua Jamii, unaowapa fedha wazee, walezi wa mayatima na watoto walio katika dhiki, na watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 mpango huo ulifunguliwa kwa wazee waliotimia miaka 70, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Katika Zanzibar, pensheni jamii ilianza mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kiasi chake cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi.

Fedha hizi si nyingi. Lakini kwa mzee asiye na kazi ni unga, ni dawa ya presha, ni nauli ya kwenda hospitali. Ndiyo sababu zikichelewa huumiza kuliko mwenye mshahara awezavyo kudhani.

Na achukuliwe kwa mfano mzee wa miaka 74 aliyekuwa baharia. Katika kitambulisho jina la baba yake limeandikwa Bakari, na katika karatasi nyingine limeandikwa Abubakar. Mwaka wa kuzaliwa kwake ulikadiriwa tu, kwa kuwa alizaliwa nyumbani wala hapakuwa na aliyeandika. Akiwekewa chombo cha kusoma alama za vidole, chombo hakisomi kitu, maana miaka arubaini ya kuvuta kamba za tanga imefuta mistari ya vidole vyake. Karani humwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo humkuta karani mwingine, naye huuliza maswali yale yale tangu mwanzo. Mambo yakiisha kutengenea, malipo huchelewa miezi, kama yalivyochelewa mara nyingi, wala mzee hajui kama jina lake limefutwa au wote wanangoja kama yeye.

Mzee huyu hakutukanwa wala hakupigwa. Lakini arudipo nyumbani huketi barazani asiseme na mtu, na mkewe akimwuliza khabari za afisini humjibu kwa ukali. Hapo ndipo shetani hupata njia: taabu iliyoanza katika karatasi huingia katika ndoa.

FASILI YA PILI: MIZIZI YA DHIKI HII

Mwenye kuichunguza dhiki hii ataona kuwa ina mizizi mitatu.

Wa kwanza ni aibu. Mwanamume wa pwani aliyelisha nyumba kwa jasho lake huona kuwa kusimama katika foleni ya msaada ni sawa na kunyosha mkono njiani.

Wa pili ni kutojua. Mtu akiambiwa kuwa jambo lake litakwisha baada ya siku thalathini, huweza kungoja siku thalathini. Asipoambiwa kitu, hungoja kila saa, na kila saa humla kidogo. Moyo huchoka zaidi kwa jambo lisilojulikana kuliko kwa jambo zito linalojulikana.

Wa tatu ni kudhani kuwa karani ndiye mwenye riziki. Mtu akidhani hivyo, uso wa karani ukikunjwa humtia khofu, na ukikunjuliwa humtia furaha, akawa mtumwa wa uso wa mtu mwenziwe.

Mizizi hii mitatu ina dawa katika dini, na dawa ya kila mmoja ni mbali na ya mwenziwe.

FASILI YA TATU: HAKI SI OMBAOMBA

Amma aibu, dawa yake ni elimu. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuomba watu bila dharura, na akafananisha kuomba huko na majeraha ambayo mtu hujikwaruza usoni mwake mwenyewe. Lakini katika hadithi hiyo hiyo, iliyopokewa na Samura bin Jundub (R.A.) na kutolewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume alibagua watu wawili: mwenye kumwomba mtawala, na mwenye kuomba katika jambo asiloweza kuliepuka. Wanavyuoni wameeleza sababu ya ubaguzi huo, kwamba mtawala ameshika mali ya umma, na katika mali hiyo raia ana fungu. Basi aendaye kwa mtawala kudai fungu lake hajikwaruzi uso.

Na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amesimulia katika Kitabu cha Kharaji khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipomwona kipofu mkongwe wa Kiyahudi akiomba mlangoni pa watu. Alimwuliza lililomfikisha hapo, akajibiwa kuwa ni kodi, na haja, na uzee. Umar alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mtunza hazina, akamwamuru amwangalie mzee yule na walio mfano wake. Na sababu aliyoitoa ni kuwa haiwi insafu kula ujana wa mtu, kisha kumtupa katika uzee wake.

Katika khabari hii liko funzo kubwa. Umar hakumwambia mzee yule kuwa anamhurumia. Alimhesabia deni. Mzee alikuwa amekwisha kutoa ujana wake, na hazina ilikuwa inadaiwa. Baharia wa mfano uliotangulia naye alilipa ushuru wa bandari na kodi ya kila alichonunua kwa miaka arubaini. Akisimama mlangoni pa afisi, amesimama kama mdai.

FASILI YA NNE: SUBIRA SI KUNYAMAZA

Watu wengi hudhani kuwa subira ni kukaa kimya. Mwenye kusema hivi huwapa wazee sumu kwa jina la dawa. Na ushahidi ni khabari nyingine ya Sayyidna Umar, aliyoipokea Ibn Saad.

Umar alikuwa ameweka posho kwa watoto wa Waislamu, lakini kwa wale tu waliokwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja alikuwa akiwalinda wasafiri waliotua penye Madina, akasikia mtoto akilia. Alimwendea mamake akamsihi amtulize. Mtoto akalia tena, na Umar akarudi tena, hata mara ya tatu, akamwuliza mwanamke yule kwa nini mwanawe hatulii. Mwanamke, naye hakujua asemaye naye ni nani, akamjibu kuwa anamlazimisha kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar haandiki posho ila kwa aliyekwisha kuacha. Umar alisalisha Alfajiri watu wasiweze kuyasikia vizuri masomo yake kwa kilio. Kisha akaamuru ipigwe mbiu kwamba watoto wasiharakishwe kuachishwa, na kwamba kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa.

Na izingatiwe khabari hii vizuri. Mtungaji wa kanuni alikuwa mtu mwadilifu, na nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo kanuni yake ilikuwa ikiwaumiza watoto wachanga usiku, naye hakujua. Kilichoiondoa kanuni hiyo ni kilio cha mtoto na jawabu la mwanamke aliyesema ukweli bila matusi. Lau mwanamke yule angeona haya, akajibu kuwa mtoto ana homa tu, kanuni ingebaki, na watoto wengine wangeumia.

Basi mwenye kudhulumiwa afisini akalalamika kwa adabu, haondoi dhiki yake peke yake. Huwafungulia mlango wote wanaomfuata katika foleni. Nabii Yaqub (A.S.) ni kigezo cha subira njema, naye alimlilia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na papo hapo akawatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Moyo wake ulitulia kwa Mola wake, na miguu ya wanawe ikaenda njiani. Hiyo ndiyo subira.

FASILI YA TANO: MAMBO SABA YA KUSHIKA

La kwanza ni kutengeneza nia kabla ya kutoka. Mwenye haki ajue kuwa riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na afisi ni mlango tu. Nabii Yaqub aliwausia wanawe waingie Misri kwa milango mbalimbali, kisha akawaambia kuwa hilo haliwafai kitu mbele ya hukumu ya Mwenyezi Mungu. Mlango mmoja ukifungwa, mwenye kufungua hajafungwa.

La pili ni kuandika. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, waumini wameamrishwa kuandika madeni, madogo kwa makubwa, wala wasichoke. Mwenye haki na awe na mkoba mmoja wa karatasi zake zote na nakala zake, na daftari dogo la kuandika tarehe aliyokwenda, jina la karani aliyemhudumia, aliloambiwa, na siku aliyoahidiwa. Majina yakitofautiana katika karatasi, ayasawazishe mapema kwa hati ya kiapo. Daftari hili lina faida mbili: ni ushahidi mbele ya mkubwa wa afisi, na ni raha ya moyo, kwa kuwa jambo lililoandikwa halina haja ya kukumbukwa usiku kitandani.

La tatu ni kwenda na mwenzi. Nabii Musa (A.S.), pamoja na utukufu wake, alipotumwa kwa Firauni aliomba apewe nduguye Haruni, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi. Ikiwa Nabii aliomba msaidizi wa kusema naye mbele ya mtawala, mzee asione haya kwenda na mwanawe au jirani yake. Na asiyeweza kutembea, mpango wenyewe umeruhusu aandikishe mtunzaji wa kumpokelea, basi amteue mtu amini.

La nne ni kuliwekea jambo hili siku yake. Mwenye kwenda kila siku bila ahadi hujichosha bure. Achague siku moja katika wiki ya kufuatilia, na siku nyingine mkoba na ufungwe. Barazani azungumze mengine, na nyumbani asiingie na uso wa afisini. Mke hakuifunga afisi, wala watoto hawakuyachelewesha malipo.

La tano ni kuizuia ghadhabu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye nguvu ni yule aizuiaye nafsi yake anapokasirika, si yule awaangushaye watu katika mieleka. Akamwamuru aliyekasirika naye amesimama aketi, na isipomtoka alale. Basi mzee akiona damu inampanda mbele ya karani, na aombe kiti, anyamaze kidogo, kisha arudie swali lake kwa maneno yale yale. Karani aliyetukanwa hupata udhuru wa kuiweka kando karatasi. Aliyeulizwa kwa upole na kuandikwa jina lake hana udhuru.

La sita ni kujiepusha na mambo matatu: uwongo, rushwa, na deni juu ya ahadi. Asiongeze umri wala asifiche mali ili aandikwe. Asitoe kitu kidogo ili karatasi yake ipande juu, maana Mtume amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Na asikope dukani kwa kutegemea fedha ambazo siku yake haijulikani, kwa kuwa zikichelewa dhiki moja huwa mbili. Kadhalika asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri ya benki au ya simu, hata akijidai kuwa ni mtu wa serikali, kwani matapeli huwafuata wazee siku za malipo.

La saba ni kupanda ngazi ya malalamiko daraja kwa daraja. Aanze kwa afisa wa ustawi wa jamii na kwa chifu wa mahali pake. Asipojibiwa, aandike barua na kubakia na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kimempa kila mtu haki ya kutendewa na afisi za serikali kwa haraka, kwa sheria na kwa insafu, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi wa afisi umemdhuru. Sheria ya mwaka 2011 imeweka tume ya kusikiliza malalamiko ya raia juu ya afisi za serikali, ambayo watu huiita Ombudsman, nayo haitozi ada. Kutaka sababu kwa maandishi si ukaidi. Ni dawa ya ule mzizi wa pili, mzizi wa kutojua.

FASILI YA SITA: MAJUKUMU YA WATOTO NA MAKARANI

Mtoto asidhani kuwa akimwekea baba yake nauli mkononi amekwisha kumfanyia wema. Mzee huyo alimpeleka chuoni akimshika mkono, na leo zamu imegeuka. Kusimama naye katika foleni saa tatu ni katika birri ya wazazi. Na mtoto asimcheke babaye asiyejua kutumia simu, wala asimjibu kwa kuguna, maana Qurani imekataza hata ule mguno mdogo.

Na karani Muislamu akumbuke kuwa Surat Dhuha imekataza kumkemea mwenye kuuliza, na kwamba Suratul Baqara imelipa neno jema daraja iliyo juu ya sadaka inayofuatwa na udhia. Karani hana uwezo wa kuleta fedha zisizokuja, lakini ana uwezo wa kumwambia mzee kuwa fedha hazijaja, na kwamba si yeye peke yake. Neno hilo halimgharimu kitu, na pengine litamlaza mzee usingizi usiku huo.

FASILI YA SABA: MASWALI NA MAJAWABU

Suali: Mzee akisema kuwa amemwachia Mungu, asifuatilie tena, je, hiyo ni tawakkali?
Jawabu: La. Katika hadithi iliyotolewa na Tirmidhi, mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfungue ngamia wake na kutegemea, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Kuifuata haki ni kumfunga ngamia. Kuacha kuhangaika moyoni baada ya kuifuata ndiko kutegemea.

Suali: Mwenye wana wenye uwezo, je, achukue msaada huu?
Jawabu: Akiwa ametimiza masharti yaliyowekwa na sheria, wala hakuficha kitu, ni haki yake. Lakini wanawe hawaondokewi na wajibu wa kumwangalia. Shilingi 2,000 za serikali si udhuru wa mtoto mbele ya Mwenyezi Mungu.

Suali: Mzee akifariki na fedha zikaendelea kuingia?
Jawabu: Msaada huu ni wa aliye hai. Warithi na waipashe afisi khabari ya kifo, wasizitoe kwa jina la maiti. Na ikiwa yako malipo ya nyuma ya miezi aliyokuwa hai, waulize afisini, na hukumu ya mirathi waiulize kwa kadhi.

Suali: Na yule ambaye hamu imemzidi, hali wala halali?
Jawabu: Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake, kama alivyopokea Bukhari kwa Anas (R.A.), na hamu na huzuni, na uzito wa deni, na kulemewa na watu. Basi mtu na asione haya kuomba kinga hiyo asubuhi na jioni. Na pamoja na dua aende kwa daktari, maana presha na sukari huzidi kwa hamu, na kujitibu ni katika mambo yaliyoamrishwa. Wala wenzake wa msikitini wasimwache. Akikosekana jamaa siku mbili, na wamwendee.

KHATIMA

Mukhtasari wa mafunzo haya ni kuwa mzee asimamaye mlangoni pa afisi ana haki mkononi, wala si ombaomba. Kwamba riziki yake haiko katika kalamu ya karani. Na kwamba subira yake ni kurudi tena kwa adabu, akiwa na daftari lake na mwenzi wake, hata haki ifike au ajibiwe kwa maandishi. Mtoto wa Madina alilia usiku mmoja, na kanuni ikageuzwa kwa watoto wote. Huenda barua ya mzee mmoja wa pwani ikawa sababu ya wepesi kwa wazee ambao hatawajua.

Mwenyezi Mungu awafungulie wazee milango ya riziki zao, awape wana wao upole, na awape wenye kushika mali ya umma khofu ya Siku ya Hesabu. Amin.

Wabillahi ttawfiq.